Nimelipa, Sifi

Jumapili, 12 Januari

Azzam kapita ofisini kwetu Khuwair ya Kusini, hapa Muscat. Azzam ni kaka yake Balqis. Balqis ndiye niliyempelekea posa mwezi uliopita, na jibu bado. Mzee Thabit, baba yao, anasema anafikiri. Mwezi mzima anafikiri! Watu wamenunua nyumba kwa kufikiri kidogo kuliko hivyo.

Kumbe kuna sababu. Na Loai kapeleka posa! Loai huyu huyu wa meza ya pili, anayemwaga makombo ya mkate wa kumimina juu ya mafaili.

Azzam katuambia sote wawili, bila ya kuona haya, kuwa baba yake kamwachia yeye atoe rai. Kisha katualika Jumamosi kwenye vita vya mchezo, nje ya mji, mamia ya watu na bunduki za plastiki zinazorusha vidonge ukubwa wa choroko. Kiingilio kila mtu na chake. Wahenga wamesema mtu humjui mpaka usafiri naye. Yeye Azzam anaongeza: au mpaka umtandike risasi.

Loai kauliza kama mchezo wenyewe unastahili bei yake. Bahili! Mimi sikuuliza. Nimelipia kifurushi cha Kamanda hapo hapo, mbele ya Azzam, kwa sauti. Unapata simu ya upepo, kiti chenye kivuli, na jina lako kwenye bendera. Ni pesa za kutengeneza kiyoyozi cha Mama. Januari hii, nani anataka kiyoyozi?

Jumanne, 14 Januari

Mama hataki kusikia habari za bunduki, hata zile za maji. Nimemwambia Jumamosi nina kozi ya kazini, Nizwa. Kafurahi. Kaniombea dua ndefu, kisha kaniagizia haluwa ya Nizwa, kwa sababu haluwa ya Muscat siku hizi, anasema, haina samli ya kweli.

Tatizo. Lakini akili ni mali. Baada ya kazi nimekwenda soko la Mutrah, hapa hapa Muscat, nimenunua haluwa, nimebandua karatasi ya dukani, nimeificha kabatini chini ya mito ya wageni. Ikifika Jumamosi itakuwa imetoka Nizwa.

Alkhamisi, 16 Januari

Kanuni za mchezo zimekuja kwenye simu. Nimezisoma mara mbili. Mara ya pili nimecheka peke yangu.

Vidonge haviachi alama! Si rangi, si doa. Ukipigwa unajua mwenyewe. Ni wewe uinue mkono, useme "Nimekufa!", uvae kitambaa chekundu kichwani na uende kukaa mahali panapoitwa makaburini, mpaka wakufufue. Hakuna mwamuzi awezaye kuona. Mchezo mzima umesimama juu ya dhamiri ya mtu. Na watu wanalipa!

Basi mimi sifi. Nitavaa majaketi mawili na fulana ya sufu ndani. Nisiposikia, sijapigwa. Hata kadhi hana la kusema hapo.

Nakiwala, dada wa Kiganda anayemsaidia Mama kazi za nyumbani, kanikuta najaribu majaketi mbele ya kioo. Kauliza kama Nizwa kunaanguka theluji. Nimemwambia kozi itafanyika chumba chenye kiyoyozi. Kasema bora huko wanacho.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika nikiwa kwenye foleni. Ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya majina, ya pili ya bunduki, hii ni ya kupima bunduki zisije zikarusha kwa nguvu mno. Yangu haikupimika. Imefungwa utepe katikati.

Kabla ya hapo tulipigwa hotuba. Kazungumza Ghaith, mwandalizi, kuhusu ushujaa. Kisha kazungumza bwana aliyetoa maji ya kunywa, kuhusu maji.

Kiti chenye kivuli kipo. Kakikalia Kamanda mwingine. Kumbe upande wetu wa manjano nusu ya watu ni Makamanda! Sote tuna simu za upepo. Tunaamrishana. Nimetoa amri ya kushambulia kilimani, nikajibiwa na Makamanda sita kuwa wao ndio waliotoa amri hiyo kwanza.

Loai kachukua kifurushi cha chini kabisa. Kavaa ndara! Kapewa bunduki mpya inang'aa. Yuko upande wangu, na Azzam yuko upande wa buluu.

Je, mchezo unastahili bei yake? Bila shaka. Mahali pengine ningepanga foleni bila bunduki.

Majaketi yana joto.

Jumapili, 19 Januari

Sikwenda kazini. Nimeomba ruhusa ya msiba. Mkubwa wangu kauliza nani kafa. Nimesema mimi.

Niyaeleze kwa utaratibu, maana kila mtu ana maneno yake.

Vita vilikuwa vifupi kuliko hotuba. Loai alikufa kabla hajatoka nje ya uzio, kwa risasi ya mtu wa upande wetu. Kainua mkono, kasema "Nimekufa jamani, ahsanteni," akaenda zake makaburini. Kafufuka. Kafa tena. Akawa anakwenda na kurudi kwa ndara zake, anasalimiana na maadui njiani. Fedheha tupu.

Mimi nilijificha nyuma ya pipa. Azzam akanizunguka. Nilisikia vidonge vinagonga mgongoni, ta-ta-ta, kama mvua juu ya bati. Lakini kusikia kwa masikio si kusikia kwa mwili. Nilishtuka kidogo tu, sikusogea. Azzam akanena, Ishaq, umekufa. Nikasema sijafa. Akarudia kunipiga, safari hii kwa ukaribu, akanena tena. Nikamwambia nimelipia Kamanda, sifi!

Hapo nikaona nipate ushahidi. Nikatoa simu, nikarekodi sauti, niipeleke kundi la kazini, Loai aaibike Jumapili. Vita vinarindima vizuri. Nikasema ninyi sikilizeni. Mara Azzam akapiga ukelele kuwaita wenziwe: "Ishaq amekufa! Wallahi amekufa! Njooni mshuhudie!" Nikabonyeza kutuma. Nilikuwa nimevaa glavu. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, kisha simu ikazima.

Haikwenda kundi la kazini. Ilikwenda kundi la ukoo.

Nafika kwetu Bawshar, magari yamejaa mpaka barabarani. Moyo ukanipasuka. Nikadhani Mama! Nikazunguka uani nikaingia jikoni, nikasikia Shangazi Zakiya ukumbini anaomboleza jina langu. Kumbe yeye ndiye aliyeisikia sauti kwanza. Kasikia bunduki, kasikia mimi nasema "Ninyi sikilizeni", kasikia nimekufa. Kaita watu. Mjomba kazunguka vituo vya polisi na hospitali, hajapata kitu. Maiti haijulikani iko wapi lakini kahawa imeshachemka.

Mtu mwingine angeingia hapo hapo. Na mimi nilitaka. Nilimsikia Mama analia, tena si kwa kelele. Anauliza tu kwa nini mtoto auliwe kwenye kozi. Uliniuma moyo, kweli uliniuma. Lakini kupitia dirisha la kupitishia vyakula nikamwona Mzee Thabit anakohoa kutaka kusema. Nikasema ningoje kidogo.

Na nilingoja vizuri! Mzee Thabit kasema marehemu alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, na kwamba yeye binafsi alishaelekea kukubali ile posa. Mbele ya ukumbi mzima!

Nikashindwa kujizuia. Nikasema, kwa sauti ya Kamanda, "Nimekubali!"

Nakiwala alikuwa anapita na sinia. Kapiga ukelele kwa Kiganda, sinia likaruka. Ndani yake ilikuwa haluwa. Haluwa yangu! Alikuwa ametoa mito ya wageni kabatini, kaiona, kaikata, kaipakua. Watu walikuwa wameshaila karibu yote, na Shangazi Zakiya alishasema, katikati ya kilio, kuwa hii ni haluwa ya Mutrah.

Mama kanikumbatia. Kisha kanizaba kofi. Kisha kanikumbatia tena, akahisi majaketi, akaniuliza Nizwa kulikuwa na baridi gani. Mbele ya wageni mia!

Nilimkumbusha Mzee Thabit maneno yake. Kasema maneno ya msibani hayaozeshi mtu.

Jumatano, 22 Januari

Jibu limekuja. Mama kaenda mwenyewe kulisikiliza, na karudi akakaa kitandani na buibui lake bila ya kulivua.

Ni Loai.

Azzam ndiye aliyetoa rai. Kasema Loai hajui vita hata kidogo, lakini kila alipopigwa alisema. Mtu asiyekubali kufa kwa choroko ya plastiki, atakubali kosa gani akiwa mume wa mtu? Balqis naye kaulizwa. Kaleta salamu, na kasema siku ile alilia kweli, lakini hawezi kufiwa mara mbili na mume mmoja.

Alilia! Nimemwuliza Mama alilia kiasi gani. Kasema alikuwa keshaitoa mikufu yake ya Unguja sandukuni amvishe mkwe, na sasa kairudisha. Kasema hanilaumu kwa kushindwa, ananilaumu kwa kusimama jikoni nikimsikiliza analia.

Sikula mchana.

Usiku nilikula.

Alkhamisi, 30 Januari

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Majaketi mawili ni machache! Azzam alijua kanipiga kwa sababu nilishtuka. Na nilishtuka kwa sababu nilikuwa na kifurushi cha Kamanda, ambacho kila mtu anacho.

Ghaith katangaza vita vya pili, vikubwa zaidi, Jumamosi tarehe 15 Februari. Kuna kifurushi kipya cha Jemadari. Unapata hema lako peke yako, na kiti chenye kufuli. Unapata haki ya kuhutubia! Loai aliniuliza kazini kama kweli kinastahili bei ile. Nimemwambia mtu wa ndara hawezi kuelewa. Kanipa kadi ya harusi, kwa heshima, kwa mikono miwili.

Harusi ni Jumamosi tarehe 15 Februari.

Azzam hatakuwepo vitani basi. Hii ni fursa. Bila ya Azzam, nani atasema nimekufa? Nimelipa leo hii, na pesa hazirudishwi. Kile kiyoyozi kibovu nimekiuza. Joto bado liko mbali.

Mama kaniuliza nitavaa nini harusini. Nimemwambia sitokuwepo, kuna kozi ya kazini, Nizwa. Kasema safari hii halii mpaka aione maiti.

Haluwa nimeshanunua.