Shangazi Aliyekataa Kuzama

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Nimekukosea. Nimekuwa nikikuzamisha ziwani mara mbili kwa siku, Jumapili mara tatu, na wewe hujui. Lakini na mimi nina malalamiko yangu.

Kazi yangu unaijua: nawazungusha wageni kwa mtumbwi, nawasimulia habari za hili ziwa la msituni na hoteli zake. Mwanzoni nilisema ukweli, kwamba nyumba ya wageni ya kwanza ilikuwa yako, vyumba viwili vya mbao walimolala wapasua mbao. Ukapika, ukafua mashuka, ukachoka, ukauza. Watu wakapiga miayo. Siku moja ulimi ukateleza, nikasema shuka lilipeperuka, ukalifuata majini, hukurudi. Mama mmoja akalia kwa kwikwi. Ningefanyaje? Sasa hata kibao kipo: HAPA NDIPO ALIPOZAMA.

Malalamiko ni haya:

1. Ijumaa ulishuka hadi gatini kwa miguu yako, mzima kabisa, wakati nimefika palepale unapozama. Ungesubiri hata nimalize. Halafu ukapaza sauti, "We mtoto, umekula?" Marehemu hawaulizi hivyo, shangazi.

2. Mgeni aliyekuwa ameshalia alinitaka nimrudishie machozi yake.

3. Hili ndilo limeniuma. Ukawaambia aliyezama ni mimi, eti nilikuwa mdogo, ukanitoa kwa kunivuta sikio. Mbele ya watu ninaowavalisha jaketi za kuokolea! Tangu siku hiyo nikishika kasia, wao wanashika jaketi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uendelee kuwa marehemu mpaka msimu wa wageni uishe. Ukishindwa kabisa, basi uwe hai huko ng'ambo ya mlima. Mwajiri wangu, mwenye hoteli, yuko tayari kukutengenezea kaburi zuri, lenye maua.

Wasalimie wote nyumbani, na majirani pia, hasa wale waliokuja kutoa pole ukawafungulia mlango mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Mpiga kasia

Tanbihi: Nimeirudia barua hii huku nimejishika sikio la kushoto, lile lililobaki refu kuliko mwenzake. Ni kweli, shangazi. Shuka lilipeperuka, nikalifuata mimi. Ukajitosa na nguo zako zote, ukanishika mimi, shuka ukaliacha liende zake. Niliyoandika huko juu yafute yote. Jumamosi hii asubuhi, kabla mtumbwi wa kwanza haujatoka, nitakuwa nimeking'oa kile kibao, na nitakuja kukuchukua. Utakaa mbele, usimulie wewe. Mimi nitapiga kasia tu. Hata sikio, litaje.