Naomba Mkikatae Kikombe Kisichomponyoka Mwanangu

Ndugu Meneja wa karakana ya vyombo vya plastiki, pamoja na wote mtakaokaa Ijumaa kupitisha sampuli,

Poleni na kazi. Mimi ni mke wa yule mchoraji wenu wa kompyuta anayekaa karibu na dirisha, ambaye huko kazini mnamwita Vipele. Hajui kama nawaandikia na naomba asijue, maana atanuna. Shule yangu iliishia njiani, basi nikikosea mtanisamehe, lakini jambo lenyewe nimelifikiria sana wakati wa kufua.

Naomba kwa heshima zote mkikatae kikombe cha mtoto alichokichora mume wangu. Najua mkikikubali ataajiriwa moja kwa moja, na mkikikataa atabaki kibarua. Hilo nimelipima. Sababu zangu ni hizi.

1. Kikombe hakiponyoki. Mwanangu, tunayemwita Bosi kwa sababu akiita wote tunasimama, bado hajafika miaka miwili. Zamani alikuwa akishika kikombe kinamteleza, maji yote chini, ananyoosha mikono kuniita. Namfuta, nampakata, namnywesha taratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na nilikuwa naiweza. Sasa anakunywa mwenyewe, tena amenipa mgongo. Nauliza kwa adabu: ni nani aliyewatuma?

2. Mume wangu alifanya makusudi. Mtu angeweza kusema ni bahati tu, lakini mimi nilikuwepo. Mara ya kwanza alichora vile vipele, yaani vijinundu vya kushikia, akavivuta vyote kuelekea upande mmoja, kama vile anavichomoza kwenye ukuta ulionyooka. Kumbe kikombe kina tumbo. Vya mbele vikatoka vizuri, vya ubavuni vikalala na kuwa na makali kama msumeno. Sampuli ilipoletwa nyumbani, Bosi aliishika mara moja akaitupa chini ya kitanda. Nilifurahi, ila sikuonyesha. Angeishia hapo, leo tungekuwa tunaelewana. Lakini yeye akachukua unga niliokuwa nimeukanda kwa ajili ya chakula, akauzungushia kwenye kikombe, akampa mtoto aukamate. Vidole vikaacha mashimo. Akayapiga picha. Kisha kwenye kompyuta akachora kipele kimoja tu, akakisimamisha wima pale pale kikombe kinapobinuka, halafu akaiamuru programu ikirudie kulizunguka tumbo lote kwenye alama za vidole, kila kimoja kitazame nje kwa upande wake. Akavipunguza kimo karibu na mdomo, akazilainisha ncha. Sisi tulikula tumechelewa, na chakula chenyewe kina mashimo ya vidole.

3. Ugonjwa huu haubaki kazini. Mume wangu hawezi tena kupita kitu cha mviringo bila kukipapasa. Kitasa, bomba, mpini wa sufuria, vyote anafumba macho na kuvisikiliza kwa kidole gumba. Juzi tukiwa mezani alinishika kiwiko, nikadhani ni mapenzi, akaniambia hapo pamebinuka pande mbili kwa pamoja na kwamba pangemsumbua sana kupachora. Mbele ya mama mkwe. Mama mkwe naye, badala ya kunitetea, akamwuliza kama anaweza kuuwekea vipele mkongojo wake, na vikibaki amwekee na baba mkwe mgongoni, maana kila kukiwa na kazi mzee anateleza.

4. Hamjafikiria mbele. Kikombe kisichoanguka hakipasuki, na kisichopasuka nani atakuja kununua kingine? Hiyo ni shida yenu. Yangu ni kubwa zaidi. Leo mtoto ameshika kikombe. Kesho atashika kijiko. Keshokutwa atavaa viatu mwenyewe, mtondo atafungua mlango wa nje, na mtondogoo ataniletea mkwe aliyemchagua bila kuniuliza. Nikishtuka nitakuwa mgeni nyumbani kwake, nakaribishwa kiti. Na nyinyi mtakuwa mmekaa ofisini kwenu hamna habari.

5. Kama kukikataa haiwezekani, basi naomba fidia, nayo ni hii: niwekeeni mimi vipele. Mume wangu anasema programu yenu inaweza kuweka vipele juu ya kitu chochote kilichobinuka, mradi kimepimwa vizuri. Mimi tangu nijifungue nimebinuka vya kutosha. Naomba nipimwe kiunoni, pale Bosi alipokuwa anakaa nikimbeba, na shingoni, pale mikono yake ilipokuwa inakutana. Viwe vya saizi ya vidole vyake, visiwe na makali, na visilale ubavuni, ili akinishika asiniponyoke. Siku yoyote naweza kuja, isipokuwa siku ya kufua.

Nashukuru kama mmenivumilia mpaka hapa. Mnisalimie fundi wa mashine ya sampuli, mama anayewapikia chai, na yule bwana anayemtania mume wangu kwamba ana tetekuwanga ya kompyuta, mwambieni tumecheka. Mama mkwe anawasalimu na anaulizia mkongojo. Bosi naye angewapungia, ila mikono yake yote miwili ina kazi.

Ni mimi, mama ambaye hajakata tamaa nanyi,
Mama Bosi

Nyongeza: Nilikuwa nimeinama natafuta bahasha kwenye droo, nikahisi kitu kinanigonga mdomoni. Ni Bosi. Amekileta kikombe chake mwenyewe kutoka chumba cha pili, kimejaa, amekikumbatia kwa mikono miwili, anataka ninywe. Nikajifanya sina kiu. Akakaza. Akanishika kidevu kama mtu mzima anayemnywesha mgonjwa, akakiinamisha. Maji mengi yameingia kifuani, na mengine ndiyo hayo yaliyolowesha ukurasa huu, lakini kikombe hakikumponyoka hata kidogo. Nimekunywa, akakishusha kuangalia kama nimemaliza. Basi Ijumaa kipitisheni, tena msikiguse kipele hata kimoja. Hayo niliyoandika juu, kama mmeshayasoma, yasahauni.