Kampuni Yangu Haiuzwi

Jumatatu, 3 Machi

Hasira! Nimekata maboksi, nimebandika, nimechora barabara mpaka vidole vikafa ganzi. Mchezo wa mezani wa kwangu mwenyewe: kila mchezaji ana kampuni ndogo ya magari, anahangaika isimezwe na Kampuni Kubwa. Leo tumecheza. Shemeji, kaka wa mke wangu, zamu yake ya kwanza tu akaiuza kampuni yake kwa Kampuni Kubwa. Akaegemea kiti, akatafuna karanga hadi mwisho. Akashinda, maana mwenye pesa nyingi ndiye mshindi! Hajaunda hata tairi!

Jumamosi mwenye duka la michezo anakuja kuutazama. Akiupenda, ataupanga dukani kwake. Akimwona huyu mla karanga, nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Kanuni mpya: marufuku kuuza kampuni kabla ya raundi ya tatu. Shemeji akasema sawa, mwenye mchezo ndiye mwenye kauli. Raundi mbili hakuunda kitu. Ya tatu akauza. Ameshinda tena. Mke wangu alicheka akajishika mbavu. Damu nzito kuliko maji!

Mimi nilizindua gari la milango sita. Hakuna aliyelinunua. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi

Dawa ya moto ni moto. Nimezipanga kadi za mikosi tunazookota kila zamu: breki mbovu, mgomo, kiwanda kuungua, zote zitamwangukia anayekaa dirishani. Ndipo shemeji anapokaa siku zote. Ataumbuka mbele ya mgeni.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenye duka kaingia, kasema kuna joto, kaomba kiti cha dirishani. Shemeji akampisha kwa adabu. Mnafiki! Nilimsihi mgeni akae kwenye kiti changu. Akasema pale panamtosha.

Breki mbovu. Mgomo. Moto. Mgomo tena. Akauliza kama mchezo huu una siku ya heri. Raundi ya tatu shemeji akamnong'oneza auze. Akaiuza kampuni iliyoungua, akacheka mpaka machozi. Nikapiga kelele kwamba hivyo sivyo unavyochezwa. Nikapindua meza. Sijutii.

Jumapili, 9 Machi

Mwenye duka kampigia simu mke wangu. Atauchukua mchezo! Ila watu waruhusiwe kuuza kampuni tangu zamu ya kwanza, maana utamu wote uko hapo. Na shemeji awe anawafundisha wateja. Shemeji!

Mke wangu kasema nikubali, si ndicho nilichokitaka? Nikamjibu kampuni yangu haiuzwi. Akasema ndiyo maneno yangu kila tunapocheza, dakika chache kabla sijafilisika. Nyumbani kwangu mwenyewe naungwa mkono na nani?

Simu ikapigwa tena. Nikaipokea mwenyewe, nikakataa, nikaikata. Kisha nikafuta kanuni zote za kuuza. Zote! Shemeji nimemkomesha. Sasa hata magari hayauziki, ila hilo ni dogo, nitalirekebisha kesho.