Ombi la Kufungiwa Faili la Mke Mwenza Ambaye Ni Mimi

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Viza za Wenza,
Jengo la Vioo, Ghorofa ya Tatu.

Ndugu Mkuu, mheshimiwa sana,

YAH: FAILI NAMBA 4471 NA FAILI NAMBA 4472, YAANI MIMI

Kichwa cha barua hii kinajieleza vizuri kuliko ninavyoweza kujieleza mimi, maana nimejaribu mara kumi na moja pale dirisha namba sita na sikueleweka. Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu, kwa sababu simu zenu hazipokelewi, na kukuona ana kwa ana kunahitaji miadi, na miadi hutolewa kwa jina.

Mimi ni fundi wa kushona. Mume wangu ni mwoka mikate. Miaka miwili na miezi minne iliyopita alipata kazi ng'ambo, akatangulia, akaomba mimi na binti yetu tumfuate. Majina sitayataja humu, uniwie radhi, maana kila nikiandika jina kwenye karatasi ya ofisi yenu hufunguliwa faili jipya. Nitasema tu jina la baba, ambalo ni faili 4472, na jina la mume, ambalo ni faili 4471. Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya ndoa, msajili aliniuliza nitatumia jina gani. Kabla sijafungua mdomo mama mkwe akajibu kutoka nyuma, "La mwanangu, kwani la nani?" Vigelegele vikapigwa, msajili akaandika. Kitambulisho changu kikatoka na jina la mume. Pasipoti ikabaki na jina la baba, kwa kuwa ilikuwa bado na miaka yake mbele, na mtu hatupi ndoo isiyovuja. Kwenye fomu yenu, palipoulizwa majina mengine niliyowahi kutumia, nikajaza ukweli. Nimelelewa nikiambiwa msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hakuna aliyeniambia kwamba si mpenzi wa dirisha namba sita.

2. Wiki tatu baadaye mume alipokea barua yenu ikisema mwenye pasipoti na mwenye kitambulisho ni wanawake wawili wanaoishi nyumba moja, na kwamba aeleze uhusiano wake na kila mmoja. Alinipigia akiwa kazini, unga hadi kwenye nyusi, nauona kwenye kioo cha simu.
"Mke wangu, huyu mwanamke mwingine ni nani?"
"Ni mimi."
"Sasa wewe ni nani?"
Mheshimiwa, tumeoana miaka mitano, na hilo ndilo swali lake la kwanza lililonishinda.

3. Tuliitwa kwenye usaili sote wawili, 4471 na 4472, siku moja, saa nne kamili, mmoja dirisha namba sita na mwingine dirisha namba tisa. Nilifika saa mbili, nikachukua vikaratasi viwili vya foleni, nikakaa katikati. Saa nne tukaitwa kwa pamoja. Nikaenda namba sita, kwa yule mama tunayemwita Mama Muhuri kwa sababu hupiga muhuri hata kwenye risiti ya soda yake. Akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema ndiye mimi. Akasema, "Dada, usimsemee mwenzio, mwache aje mwenyewe." Nikakimbia namba tisa. Huko nilipewa kiti, nikaulizwa kwa upole kama mke mwenza ananitesa. Niliporudi namba sita nikakuta imeandikwa kwamba 4471 aliondoka bila ruhusa, na 4472 alichelewa. Naomba ikumbukwe kwamba nilikuwa nakimbia.

4. Wakili aliniandikia kiapo kwamba mwenye jina hili na mwenye jina lile ni mtu mmoja. Mlikirudisha, mkataka barua ya huyo mwingine kwamba hana pingamizi. Nikajiandikia barua ya kistaarabu ya kuiomba, nikaituma kwa njia ya rejista ili iwe na ushahidi. Ilipofika, karani wa posta alikataa kunipa kwa sababu bahasha ina jina la baba na kitambulisho ni cha mume. Nikamwambia mimi ndiye niliyeituma. Akaniuliza kama ni mimi niliyeituma, naitakia nini tena. Hadi leo ipo pale kaunta, nyuma ya gundi. Nikipita nauona mwandiko wangu.

5. Hili linaniuma kuliko yote. Cheti cha kuzaliwa cha binti yetu kinamtaja mama kwa jina la baba yangu, maana hospitalini nilionyesha pasipoti. Kwa hiyo kwenye faili 4471 mmeandika kwamba naishi na mtoto wa mwanamke mwingine, na mkanitumia kijitabu chenye ushauri kwa mama wa kambo. Nimekisoma. Kinasema nisimlazimishe mtoto kuniita mama. Mtoto huyu ana miaka mitatu na anaamini baba yake ni simu. Jioni huichukua, huilaza kwenye mto, huifunika khanga hadi mabegani. Mheshimiwa, akimpoteza na mama, atabaki na nani? Na chaja?

6. Sipendi kuyasema ya chumbani kwenye barua ya ofisi, ila wivu umeingia nyumbani. Huyo wa 4472 ni mdogo kuliko mimi. Picha yake ya pasipoti ilipigwa miaka saba iliyopita. Ana shingo ndefu, hana mvi hata moja, na anamtazama mpiga picha kama mtu asiyejua maana ya kodi ya nyumba. Juzi mume alinitumia kifurushi cha viatu. Kimeandikwa jina la nani? Lake. Nilikaa navyo siku mbili bila kuvivaa. Nilipovijaribu vikanibana, nikajua tu.

Kwa kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe ni chumba na sebule, nimeamua mmoja wetu aondoke, na atakayeondoka ni yule wa jina la baba. Nilikwenda kumuaga baba yangu kwanza. Yeye ni fundi saa. Alikuwa amebana kioo jichoni, akafungua saa ya mteja bila kuniangalia. Nikamweleza. Akasema, "Jina si koti, mwanangu, kwamba ukilivua nitalivaa mimi." Kisha akaangusha skrubu. Tuliitafuta sakafuni kwa magoti, yeye na mimi, na sikuweza kujua kama anatafuta skrubu au anaficha uso.

Jumanne iliyopita nilipata pasipoti mpya yenye jina la mume, picha mpya, shingo yangu ya sasa. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mnifanyie yafuatayo: mlifunge faili 4472 moja kwa moja, na mtu wa 4471 aitwe mke halali, wa pekee, wa tangu mwanzo.

Nilimpelekea Mama Muhuri wazo hili. Akaniambia faili la mtu aliye hai halifungwi ila kwa cheti cha kifo. Nami sina kinyongo. Niko tayari. Nimekwenda kwa msajili wa vifo, nikajaza fomu, na nimekwama sehemu moja tu, sababu ya kifo. Nimeandika "ndoa". Msajili, ambaye naye ameoa, alisoma, akavua miwani, akasema anaona ni sawa ila anahitaji saini ya daktari.

Maiti sina, lakini majonzi ninayo. Nikipewa ruhusa nitakaa matanga siku tatu, nitapokea pole, na nitawashonea nguo nyeusi watumishi wa madirisha yote mawili bila malipo. Marehemu alikuwa mtu wangu wa karibu. Alijua kunicheka. Ila kama kifo chake ndicho kitakachomfikisha mtoto kwa baba yake, basi namsamehe na yeye anisamehe.

Nakusalimu wewe na familia yako, kwa jina lolote wanalotumia. Msalimie Mama Muhuri, msalimie bwana wa dirisha namba tisa aliyenipa kiti, na mlinzi wa mlangoni ambaye ndiye pekee katika jengo lenu anayenitambua mara moja kila nikifika.

Wako mtiifu, mmoja tu,
Fundi wa kushona, mlango wa kijani, juu ya duka la rangi.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha mume alipopiga simu, anacheka peke yake. Akasema nisihangaike tena, ameyamaliza yeye. Huko aliko mtu hubadili jina kabla chai haijapoa. Basi alitoka kazini asubuhi, akapanga foleni, akachukua jina la baba yangu, ili afanane na pasipoti yangu ya zamani. Kibali chake, mkataba wake, hata kibandiko cha kifuani pale kwenye mikate, vyote sasa vina jina la baba yangu. Nilipomwambia habari ya pasipoti mpya aliacha kucheka, nikawa nasikia mashine ya kukandia unga ikizunguka nyuma yake. Nikakimbilia dirisha namba sita, dakika kumi kabla ya kufunga. Mama Muhuri alipekua mafaili yote mawili, akalamba kidole, akasema 4471 hana mume tena, kwani mwenye jina lile hayupo. Ila 4472 bado yu hai, ana jina moja la ukoo na mwombaji, kwa hiyo ni dada yake, na fomu ya ndugu ina kurasa mbili tu na hujibiwa kwa siku kumi na nne. Naomba basi uichane barua hii yote, marehemu aachwe aendelee kuishi, na uniidhinishie nisafiri na mtoto kwa kaka yangu. Mambo ya ndoa tutaelewana wenyewe nikifika.