Taa Iliyomkonyeza Mzee Nicodemus

Mraru, kupitia Voi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi ya Cynthia,
Kaka yangu Zephaniah,

MINT: KUONDOLEWA KWA GARI LA MAREHEMU DONALD KATIKA MSAFARA WA HARUSI

Swali ambalo nimeshindana nalo tangu ndugu yetu Donald aniachie gari lake ni hili: je, taa inayofunguka bila kuombwa ina hitilafu, au ina maoni? Nafundisha mantiki chuoni, na kwa hiyo ningetarajiwa kuwa na jibu. Sina. Kamati yako, hata hivyo, ililipata katika kikao kimoja, tena kabla ya chai, ikaamua kwamba binti ya Donald hatapelekwa kanisani kwa gari la baba yake. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo.

1. Inasemwa kwamba gari hili limewavunjia wakwe heshima. Taa zake za mbele, kama ujuavyo, hulala zimefichwa ndani ya bodi, na ukibonyeza swichi, kila moja hugeuzwa na mota yake mpaka itazame mbele. Siku tulipokwenda kujitambulisha nilipiga honi langoni, kama watu wenye furaha wapigavyo. Taa ya kushoto ikajigeuza, ikamtazama Mzee Nicodemus, baba ya bwana harusi, kisha ikajifunga. Mkewe, Mama Philister, akauliza mbele ya wageni wote, "Mwalimu, hiyo gari yako inamkonyeza mzee wangu?" Nikaanza kumweleza habari za mkondo wa umeme. Maelezo yalikuwa marefu na hayakusaidia. Wala Mzee hakusaidia: alinyoosha kola ya koti.

2. Imedaiwa pia kwamba sijajaribu kulirekebisha. Nimejaribu, kwa utaratibu ambao ningejivunia kama ungefaulu. Nilibadilisha fyuzi. Nikahamishia mota ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Jicho la kushoto likaendelea kukonyeza, nami nikahitimisha kwamba mota hazina hatia. Nikafuata nyaya hadi pale waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye betri, unapokazwa kwenye bodi, nikakuta kutu na vumbi letu jekundu. Bila shaka, niliwaza, umeme wa honi ukikosa njia ya kurudi hupenya kwenye taa. Nikasugua mpaka pakang'aa. Nikapiga honi. Taa ya kushoto ikatulia. Ya kulia ikafunguka. Mwanafunzi akiniletea hoja yenye mwisho kama huo, humrudishia karatasi yake. Nilipompelekea fundi Munyao kule Miasenyi, alilizunguka gari, akacheka, akasema, "Madam, hii imekuzoea. Inakusalimia tu."

3. Gari mlilochagua badala yake ni jeupe, jipya, na taa zake hukaa wazi mchana kutwa. Naomba kamati itafakari ni lipi lenye adabu zaidi: lile linalofumba macho mbele ya wakwe na kufumbua mara moja moja, au lile linalowakodolea tangu asubuhi hadi jioni?

4. Kwa kuwa chanzo ni honi, suluhisho li wazi. Msafara wote, kutoka Mraru hadi kanisani Voi, usipige honi kabisa. Najua msafara wa kimya hudhaniwa kuwa wa mazishi. Wakazi wa kando ya barabara wataelimishwa mapema. Vigelegele navyo visipigwe karibu na boneti, kwani juzi jirani yangu alipiga kimoja na taa ya kulia ikafunguka nusu. Sina ushahidi kwamba kigelegele ndicho kilichoifungua, lakini sina ujasiri wa kulipuuza jambo hilo.

5. Kimya kikishindikana, basi kila gari msafarani lifunikwe taa moja kwa leso, ili kukonyeza kuwe ndiko sare ya siku. Mzee Nicodemus naye apewe nafasi katika ratiba, baada ya hotuba za wazazi, alikonyeze gari hili mara moja ili tusidaiane, iwapo Mama Philister ataridhia.

Nikiisoma tena hoja ya tano, nahisi kwamba mahali fulani nimepotea njia; ila kila hatua inafuata iliyotangulia, na sijui niifute ipi. Ninalolijua ni kwamba Donald alikuwa akiliosha gari hili kila Jumamosi, akisema ndilo litakalompeleka Cynthia kanisani. Hakuna aliyebaki wa kulitimiza neno lake ila mimi.

Nisalimie wanakamati wote pamoja na waliopiga kura dhidi yangu, wanakwaya, wapishi, Mama Philister kwa heshima, na Mzee kwa uangalifu.

Ni mimi dada yako, mwenye kinyongo cha muda na upendo wa kudumu,

Susan Mghoi

Tanbihi: Cynthia amepita hapa kujaribu gauni, akaisoma barua hii juu ya bega langu. Amesema, "Anti, jicho halina shida, hata hunichekesha. Ni mimi nilimwambia anko Zephaniah aitoe hii gari, na nikamwomba asingizie taa. Nikipanda hiyo gari, wewe utakuwa kwa usukani ama chini ya boneti, na mimi nyuma peke yangu. Daddy hayuko. Nataka wewe ukae na mimi, unishike mkono."

Tafadhali hesabu malalamiko yote matano kuwa yameondolewa. Nitapanda gari jeupe. Alipokuwa akiondoka nilimpigia honi ya kumuaga, na taa zote mbili zikatulia tuli. Kama hitilafu imekwisha au imejificha tu, siwezi kukuambia: ili kujua ni lazima nifungue boneti, na nimemwahidi kwamba siku ya harusi mikono yangu haitakuwa na grisi.