Marufuku ya Kishindo

Kwa niaba ya Kamati ya Utulivu Machimboni, ambayo mimi ni katibu wake, natangaza kwa fahari kwamba kijiji chetu hapa Iramba kimekuwa cha kwanza kusaga mawe ya dhahabu bila kishindo. Mwenye wivu ajinyonge.

Chanzo ni karasha la Bi. Evodia, lililomwamsha mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Alute, akiwa katikati ya tafakuri ya mchana. Kwa asiyejua, karasha ni pipa la chuma linalozungushwa na injini. Ndani mna mawe na gololi za chuma zinazojaa kiganja. Gololi hupanda na pipa, zikifika juu zinadondoka puu! juu ya mawe. Mheshimiwa aliliita jambo hilo utovu wa nidhamu wa vifaa.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Evodia alitupokea.

"Marahaba. Komesha kishindo, la sivyo nalifunga karasha."

"Kishindo ndiyo kazi yenyewe! Gololi isipoanguka, jiwe litasagwa na nini? Na ukifunga, wanangu watakula maneno?"

"Kamati haibishani na gololi."

Tuliketi, tukanywa chai, tukaunda kamati ndogo. Kwanza tuliweka gololi ndogondogo. Zikalia kama njugu zinazokaangwa, na mawe yakatoka na kona zake zote. Ndipo tukamwagiza fundi Calist abadilishe puli ili pipa lizunguke kwa kasi zaidi, maana kasi ni neno zuri hata kwenye hotuba.

Siku ya uzinduzi, Mheshimiwa alijitolea mawe yake mwenyewe. Alikuwa amepewa na wachimbaji kwa mapenzi yao, siku alipowatembelea na askari. Yalikuwa mawe ya kumtoa mtu mate. Calist akawasha. Pipa likazunguka mbio, gololi zikang'ang'ania ukutani, isishuke hata moja. Kimya! Zilikuwa juu, zinazunguka, hazifanyi lolote. Wajumbe wa kamati tulijisikia nyumbani.

Mheshimiwa akakamata kipaza sauti. "Natangaza rasmi kwamba kusaga kumekamilika!"

Tukapiga makofi. Kisha yakamwagwa yaliyotoka, yakaoshwa juu ya zulia linalonasa dhahabu. Zulia halikunasa kitu. Mawe yalikuwa yaleyale, yameogeshwa tu.

Mheshimiwa alinywea, nami nilimhurumia kwa dhati. Akamsogelea Evodia. "Dada yangu, rudisha puli ya zamani. Marufuku nimeifuta." Aliifuta palepale, kwa maslahi mapana ya umma.

Puli ikarudi, gololi kubwa zikarudi, karasha likanguruma hadi kuku wakahama. Lilipozimwa na mchanga kuoshwa, zulia likameta njano. Mheshimiwa akanyoosha mkono.

"Samahani, Mheshimiwa," Evodia akasema, akilikunja zulia taratibu. "Ulitangaza mwenyewe kwamba kusaga kumekamilika. Kinachobaki baada ya hapo ni marudio, na machimboni marudio ni ya mwenye karasha."

"Ndivyo!" wachimbaji wakaitikia, na waliopelekewa askari waliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mheshimiwa akainua kidole, akaanza kunukuu kanuni.

"Calist," Evodia akasema, "washa. Wateja wanasubiri."

Ilikuwa hotuba ndefu, na mishipa ya shingo ilimsimama. Sisi wajumbe tulitikisa vichwa kukubali kila hoja, ingawa kwa kishindo kile hatukusikia hata moja.