Bwana Uhakika Asimama Nyuma ya Foklifti

Bwana Uhakika alikuwa anakunywa chai ya kukopa aliposikia foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ikirudi nyuma na kubomoa mlango wa ofisi. Mlango ulikuwa wa mwenye ghala la jirani, na mtu mwingine angeendelea na chai yake. Uhakika aliweka kikombe chini. Watu wa aina yake wakisikia kishindo hawaulizi nani kaumia. Wanauliza nani atanunua.

Jina hilo alipewa kwa sababu kila alichouza alikiuza kwa uhakika: dawa ya kuotesha nywele, viwanja vilivyo chini ya maji na, mara moja tu, Mungu amsamehe, viti vya mbele kwenye mazishi ya tajiri. Kesho yake asubuhi aliingia ghalani amevaa kofia ngumu na fulana ya kung'aa, kwapani ana kitabu cha picha alichokichukua kwenye duka la vifaa vya mashine bila kumsumbua muuzaji.

Mwenye ghala alikuwa anautengeneza mlango mwenyewe, kwa misumari ya zamani aliyoinyoosha kwa nyundo. Wafanyakazi walimwita Birika kwa heshima ya mkono wake, ambao haukuwahi kufunguka bila kulazimishwa.

"Mzee wangu," Uhakika alianza, "foklifti yako ni kipofu na bubu."

"Lakini inabeba," alisema Birika.

Uhakika hakubabaika. Aliuliza njia kati ya rafu zina upana gani, watu wanapita humo humo na mashine au wana njia yao, na mashine inatoka nje kwenye mvua au inashinda ndani. Yalikuwa maswali mazuri sana. Yote yalikuwa ukurasa wa tatu wa kile kitabu.

"Unahitaji vioo vya nyuma," alisema akifunua kurasa. "King'ora cha kurudi nyuma. Taa ya buluu inayomulika sakafuni ili mtu ajue mashine inakuja. Mkanda, na mashine isiwake mpaka dereva ajifunge. Na hii hapa ni kamera inayomtambua mtu na kuisimamisha mashine yenyewe."

"Ni vya lazima hivyo?"

"Ni vya hiari, mzee."

"Basi hiari yangu ni hapana."

"Mzee, hiari ni kabla ya ajali. Baada ya ajali inaitwa lazima."

Dereva wa foklifti alikuwa juu ya kiti chake, anasikiliza. Wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Mwaka na nusu alikuwa anaomba kioo na king'ora, tangu siku aliporudi nyuma akaukanyaga mguu wa mdogo wake wa kiume, mpanga makatoni, baba wa watoto wawili. Mdogo mtu alirudi kazini anachechemea, tena kwenye njia ile ile. Tangu hapo Shangazi hakurudi nyuma kabla ya kupaza sauti, "Uko wapi?" na kusubiri ajibiwe, "Nipo hai!" Huo ndio uliokuwa usalama wote wa ghala lile. Na jana, mdogo mtu alipochelewa kujibu, dada alishtuka, akakata usukani, akaingia mlangoni.

Uhakika aliona Birika haumwi na ajali, anaumwa na bei. Basi akatoa begini kisanduku cheusi chenye taa nyekundu.

"Hiki kinaitwa Mlinzi," alisema kwa sauti ya msibani. "Kinafanya kazi ya vyote hivyo. Kinamhisi mtu, kinalia, kinaisimamisha mashine. Kwa nusu ya bei ya vyote."

Birika aliacha misumari. Kisanduku kiliwekwa mezani, Birika akapita mbele yake, kikalia. Akapita tena, kikalia tena. Alicheka kama bwana harusi. Ndani ya Mlinzi mlikuwa na betri na kengele ya mlango, na kitufe chake kilikuwa mfukoni mwa Uhakika.

"Kaka," Shangazi aliuliza, "mbona mkono wako hautoki mfukoni?"

"Nahisi baridi, dada yangu," alisema Uhakika, na jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Pole. Basi hapa tuna utaratibu wetu. Anayefunga kifaa ndiye anayesimama nyuma ya mashine. Fundi wa breki alisimama. Fundi wa matairi alisimama. Ukisimama, ukabaki umesimama, bosi anakulipa."

"Hapo umesema," alidakia Birika, aliyependa kila utaratibu unaochelewesha malipo. "Keshokutwa."

Mwenye busara angeondoka na asirudi. Lakini Uhakika alipiga hesabu: vifaa vya kweli alikuwa amemtajia Birika kwa bei mara nne ya ile ya dukani, kwa hiyo hata nusu yake, bei ya Mlinzi, ilikuwa mara mbili ya gharama yake. Angenunua vya kweli, afunge na Mlinzi juu yake, asimame, alipwe, na bado abaki na faida nono. Aliuza pikipiki yake. Akarudi kwenye duka lile lile alikoiba kitabu, akanunua vioo, king'ora, taa, mkanda na kamera, akamlipa fundi wa kweli aje kuvifunga. Ilikuwa mara yake ya kwanza kununua kitu chenye risiti.

Siku ilipofika, Birika aliizunguka mashine mara mbili. "Na hivi vingine je?"

"Zawadi, mzee! Anayenunua Mlinzi hupewa hivi bure."

"Bure?" Birika alilitamka neno hilo polepole, kwa mapenzi. "Andika. Weka sahihi."

Uhakika aliandika, akaweka sahihi, akaenda kusimama. Shangazi akajifunga mkanda. King'ora kikaanza, taa ya buluu ikatambaa sakafuni, ikafika kwenye viatu vya Uhakika, na nyuma ya taa ikaja tani tatu za chuma. Roho ilikuwa mkononi. Mashine ikasimama, kati yake na tumbo la Uhakika imebaki hatua moja. Ghala zima lilipiga makofi, na yeye akainama kama msanii.

"Bado," alisema Shangazi. Aliteremka, akachomoa waya wa kamera. "Tumejaribu vyote pamoja. Sasa tumjaribu Mlinzi peke yake. Simama, kaka."

Uhakika aliitazama miguu yake, ambayo alikuwa nayo tangu kuzaliwa na aliizoea. "Leo... nina miadi," alisema.

"Ni dakika moja tu."

"Mlinzi naye amechoka."

Birika alikirudisha mfukoni kitita cha malipo alichokuwa amekitoa, kwa furaha isiyofichika. "Basi simnunui. Mchukue. Na hivi vingine ni bure, nina sahihi yako."

"Mzee, bure ni kwa anayenunua Mlinzi!"

"Twende polisi tukaulize," alisema Birika, "nawe ukaeleze ndani yake mna nini."

Uhakika alikipokea kisanduku chake. Shangazi alirudisha waya, akapanda, akaanza kazi, na kwa kunogewa na makofi na vicheko akasahau kupaza sauti. Mdogo wake, aliyekuwa bado anacheka, alivuka nyuma yake amebeba makatoni mpaka usoni. Hakuiona taa. Mashine ikasimama yenyewe.

Mdogo mtu alishusha makatoni, akaona alipokuwa, akakaa juu yake. Shangazi aliinamia usukani akalia kwa sauti, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemcheka. Uhakika aliyatazama hayo akiwa mlangoni, kisanduku kwapani. Hakuwahi kuuza kitu kilichofanya kazi, na hakujua kwamba kinauma hivyo. Kisha akaikumbuka pikipiki yake, akaona afadhali atembee.

"Kaka!" Shangazi alimwita, anafuta macho kwa kiganja. "Asante. Nasema kweli, Mungu akuzidishie."

"Haya, dada yangu."

"Na usiende mbali. Jumatatu tunaletewa foklifti ya pili, nayo haina hata kioo."